Tupeane uzoefu: waliotumia yoga na mazoezi ya pumzi kwa ajili ya pumu, mapafu yenye kovu na kifua kinachobana

Mwalimu wa Tabata (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naleta uzi huu kwa sababu kila nikigusia jambo hili kwenye mada za pumu najibiwa na watu wa aina mbili: anayesema yoga inaponya pumu kabisa tupa dawa zako, na anayesema ni mchezo wa watu wenye muda. Mimi nimekaa nayo miaka sita na sikubaliani na upande wowote. Naanza na yangu, kisha nanyi mshuke na yenu.

Nina pumu tangu darasa la pili. Wenye pumu mnaujua usiku wake. Saa tisa unaamka, unakaa kitandani umekumbatia magoti, kifua kinapiga miluzi, na kila pumzi unayovuta inaishia kooni. Nilipoanza kufundisha, vumbi la chaki likaongeza lake. Ikafika mahali pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua kikibana, inaisha kabla ya mshahara, nami nikaona ndiyo maisha. Daktari aliponiuliza naivuta mara ngapi kwa wiki nikamjibu "kila siku", aliweka kalamu chini akanitazama. Ndipo akaniandikia ile ya kahawia, inayotuliza uvimbe kwenye njia za hewa, ya kuvuta asubuhi na jioni hata kama najisikia mzima.

Kwenye yoga nilipelekwa na mama mmoja wa Kihindi, mzazi wa mwanafunzi wangu, aliyekuwa akiwafundisha wanawake wenzake Jumamosi asubuhi huko Upanga. Nilikwenda nikitegemea kukunjwa kama mkeka. Hakunikunja. Alinilaza kifudifudi, mikono chini ya paji la uso, miguu imeachana, mkao wanaouita makarasana, yaani wa mamba. Akaniambia nisifanye lolote, nisikilize tu tumbo likisukuma sakafu kila ninapovuta pumzi. Dakika tano zikapita, tumbo halijasukuma kitu. Pumzi yangu yote ilikuwa juu, mabegani. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na miaka yote hiyo nilikuwa napumua kwa shingo.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu: pumu ikikubana, kazi ngumu ni kuingiza hewa au kuitoa? Nikajibu bila kufikiri, kuingiza. Akasema siku ukibanwa tena, sikiliza.

Nilisikiliza. Mluzi unalia zaidi wakati wa kutoa. Vijia vya hewa vimebana, hewa iliyokwisha kuingia haina pa kutokea, nami kwa hofu navuta nyingine juu yake. Kifua kimejaa pomoni, na mwenye kifua hicho anaona amekosa hewa! Kwa hiyo karibu kila alichonifundisha baada ya hapo kilihusu kutoa. Unavuta puani kwa hesabu ya tatu, unaachia kwa hesabu ya sita, bila kusukuma. Wiki ya kwanza sikufika sita, niliishia nne na kukohoa.

Siku hizi nafanya dakika ishirini, saa kumi na moja alfajiri kabla watoto hawajaamka. Mamba kwanza. Halafu nasimama kwa magoti na viganja na kupinda mgongo juu na chini, paka na ng'ombe, ukiachia pumzi mgongo unapopanda. Halafu daraja, yaani nalala chali na kuinua kiuno. Namalizia na pumzi ya tundu moja moja la pua, naziba kulia navuta kushoto, naziba kushoto naachia kulia. Kushikilia pumzi sifanyi. Yule mama aliniambia wenye pumu hawana sababu ya kushikilia, na mwili wangu ulikubaliana naye mara moja.

Matokeo? Nina kile kibomba cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi. Zamani nikipuliza nagota 270, sasa nacheza kati ya 340 na 360. Lakini nitakuwa mwongo nikiipa yoga sifa yote, maana pampu ya kahawia niliianza miezi miwili kabla. Hata mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2016, yaliyokusanya majaribio 15 yenye watu zaidi ya 1,000 wenye pumu, yalikuta nafuu ndogo kwenye dalili na kwenye maisha ya kila siku, lakini kuhusu nguvu za mapafu yenyewe na kupungua kwa dawa hayakutoa jibu la uhakika. Ndivyo hasa ninavyojiona mimi.

Ambacho najua ni cha yoga na si cha pampu ni hofu kupungua. Zamani kifua kikianza nilipekua mkoba huku nalia, navuta dawa mara nne kwa papara, na nusu yake inaishia ulimini. Sasa nakaa, nainama mbele kidogo, natoa pumzi kwanza mpaka chini, ndipo navuta dawa polepole. Dawa ile ile, sasa inafika.

Andikeni ugonjwa wenu, mlichofanya, muda mliokaa nacho, na kilichoshindikana pia. Hicho cha mwisho msikifiche.

Bint Kibokoni

Assalaam alaykum. Mie ni wa Mombasa, Mji wa Kale. Pumu yangu huja na masika, nyumba zetu hizi za mawe hunywa maji, ukuta hutoka kuvu, na mie kifua huanza siku hiyo hiyo.

Mwalimu, umetaja pumzi ya tumboni, nami nikamkumbuka marehemu babu yangu. Alikuwa akisomesha Qur'ani. Sisi wajukuu tukisoma aya ndefu tukakatika njiani, mahali pasipofaa kusimama, hakuwa akitugombeza. Alikuwa akitwambia, "Weka mkono tumboni. Pumzi iteremke huko, kisha uitumie kidogo kidogo." Nilipokwenda kwenye darasa la yoga nikiwa mtu mzima, mwalimu wa kike akaniweka mkono papo hapo pa babu. Nilitokwa na machozi.

Naandika hasa kwa Waislamu wenzangu wanaojiuliza kama inafaa, maana nami nilisumbuka na swali hilo miezi. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia lilipiga marufuku yoga kwa Waislamu, na watu wengi wakaishia kwenye kichwa cha habari. Waziri mkuu wao wa wakati ule, Abdullah Badawi, alifafanua baadaye kuwa mazoezi ya mwili bila nyimbo za ibada hayana neno. Mie nilimwendea ustadhi wetu, nikamwonyesha kila mkao kwa maelezo, akanambia neno ni hilo hilo, acha matamko na nia ya ibada ya watu wengine, chukua mazoezi. Darasani wenzangu wakisema "Om" mie hunyamaza au huvumisha tu, mdomo umefumbwa, mmmmm, kama nyuki. Kumbe kuvumisha huko peke yake ni zoezi, bhramari. Kwangu ndilo lililofaa kuliko yote. Pua ikiziba kwa baridi ya masika, navumisha dakika tano na hewa hupita.

Kwa dada zangu wanaoona haya ya kujinyoosha mbele ya watu: funga mlango, tandika kanga, fanya.

Kijana wa Nyegezi

Mimi yangu ni ile ya kilichoshindikana. Sina pumu, ila baada ya korona ya 2021 nilibaki na kifua kizito, ngazi za ghorofa moja tu nahema. Nikatafuta video, nikakuta zoezi linaitwa kapalabhati, unasukuma pumzi nje kwa nguvu kwa kukaza tumbo, haraka haraka. Aliyekuwa akionyesha alisema linasafisha mapafu yote. Nikafanya raundi mia moja, nikaongeza mia, nikaongeza tena. Vidole vikafa ganzi, midomo ikachezacheza, chumba kikazunguka, nikajikuta nimekaa chini nimeegemea kitanda. Kifua kiliuma siku mbili. Nikaacha kila kitu mpaka leo niliposoma uzi huu.

Nauliza, lilikuwa zoezi baya au nilikosea mimi?

Muuguzi wa kliniki ya kifua

Kijana wa Nyegezi, pole. Zoezi lenyewe lipo na wazoefu hulifanya, ila si la kuanzia, wala si la mtu anayetoka kuugua mapafu. Ulipopuliza haraka namna ile ulitoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyotaka, na ikishuka kwenye damu ndipo ganzi, midomo kuchezacheza na kizunguzungu. Hayo hupita ukirudi kupumua kawaida. Maumivu ya kifua ndiyo yaliyonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Mwaka 2004 madaktari waliandika kwenye jarida la tiba ya kifua kisa cha mwanamke kijana aliyetobokwa na pafu kutokana na zoezi hilo hilo la kapalabhati, akalisukuma kupita kiasi. Ni jambo la nadra sana, lakini ukipata maumivu makali ya ghafla upande mmoja na pumzi ikakatika, usisubiri siku mbili. Nenda hospitali siku hiyo.

Wenye shinikizo la damu lisilotulia, wajawazito, wenye ngiri, waliotoka kufanyiwa upasuaji na wenye presha ya macho: mazoezi ya kusukuma kwa nguvu na ya kushikilia pumzi muyaache. Ya kuachia taratibu hayana shida na wengi wenu.

Bint Kibokoni, kuvumisha kwako kuna sababu. Watafiti wa Karolinska kule Sweden waliandika mwaka 2002 kuwa mtu akivumisha, hewa ya naitriki oksaidi inayotoka puani huongezeka mara kumi na tano kuliko akitoa pumzi kimya, kwa kuwa mtetemo unachanganya hewa ya mashimo yaliyo ndani ya mifupa ya uso na ile ya puani. Sisemi inatibu pumu. Nasema hukudanganyika ulipoona pua inafunguka.

Sasa niseme linaloniuma kazini. Kila mwezi napokea mtu anayekohoa wiki tano, sita, anajifukiza, anakunywa tangawizi, siku hizi na yoga imo. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, njoo upime makohozi. Kifua kikuu hakitoki kwa pumzi ndefu, kinatoka kwa vidonge vya miezi sita visivyokatishwa. Na mtu mwenye kifua kikuu asiyeanza dawa akiingia kwenye darasa lililofungwa madirisha, wote mnaovuta pumzi ndefu humo mnavuta na yake. Walimu wa yoga mnaosoma hapa, fungueni madirisha.

Kwa wenye pumu, kama pampu inawapiga kooni tu, kunywa soda ya chupa ya plastiki ya nusu lita, ioshe, ikauke, toboa kitako mdomo wa pampu uingie na kubana. Weka mdomo wako kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, vuta pole pole, pumua humo mara tano. Wenye watoto hasa.

Na dalili za kuacha mkeka na kukimbilia hospitali ni hizi: huwezi kumaliza sentensi, nyama za katikati ya mbavu zinaingia ndani kila unapovuta, midomo au kucha zinageuka rangi, pampu ya bluu imevutwa na hakuna mabadiliko. Hapo pumzi ya hesabu ni ya kukutuliza njiani tu.

Mzee wa Duara

Ninasema, binti yangu anaandika.

Nimechimba tanzaniti Mirerani miaka kumi na saba. Nilikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa shimoni, kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Chini kule kuna vumbi la aina mbili: la kinywe (grafiti), jeusi, unalitema na kuliona, na la mwamba, hilo hulioni. Tulikuwa tunafunga kitambaa puani tukidhani tumejikinga. Kitambaa kinazuia lile jeusi. Lile jingine linapita.

Mwaka 2014 nikakohoa damu. Ilikuwa kifua kikuu. Nilimeza dawa Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, na baadaye nyumbani, miezi yote, makohozi yakawa safi, wakaniambia umepona. Nikamshukuru Mungu. Lakini pumzi haikurudi. Kutoka kitandani hadi chooni, mita thelathini, nasimama kushika ukuta. Picha ikaonyesha makovu juu ya pafu la kulia, na vumbi la mwamba limekaa pande zote mbili. Wanaita silikosisi. Daktari hakunificha, alisema haina dawa ya kuitoa, kilichobaki ni kuyatunza mapafu yaliyosalia.

Mtaalamu wa mazoezi tiba alinifundisha vitu viwili. Cha kwanza, kutoa makohozi bila kujiua kwa kukohoa. Unavuta kawaida, unaachia kwa mdomo wazi "haaa", kama mtu anayepulizia kioo akifute. Mara mbili, pumzika, mara mbili, pumzika, makohozi yanapanda yenyewe na unakohoa mara moja tu. Cha pili, kulala kwa ubavu wa kushoto, mto mdogo chini ya mbavu, mkono wa kulia juu ya kichwa, na kupeleka pumzi kwenye ubavu ulioko juu. Siku ya kwanza nilihisi kama mtu anafungua mlango wa ghala uliokaa na kutu.

Binti yangu huyu anafanya kazi hotelini Arusha. Aliona wageni wakifanya yoga bustanini, akajifunza kwa mwalimu wao, akaniletea. Nikamwonyesha zoezi la ubavu, akasema baba, hili nasi tunalo, la kukaa na kuegemea upande mkono ukiwa juu. Kumbe hospitali na yoga walikuwa wanalima shamba moja. Akaniongezea mkao wa nyoka. Nilipoinua kifua kwa viganja nikakohoa mpaka nikaona nyota, akaupunguza, sasa naegemea viwiko tu. Mengine nafanya nimekaa kwenye kiti.

Mwalimu anasema kazi ni kutoa. Kwako mwenye pumu sawa. Mimi mwenye kovu kazi yangu ni kinyume, mbavu zimekakamaa, hazifunguki, hewa haina nafasi ya kuingia. Mtu asichukue zoezi la mwenzake bila kujua ugonjwa wake ni upi.

Binti alinisimulia habari ya Mhindi mmoja, B.K.S. Iyengar. Alizaliwa mwaka 1918, wakati wa ile homa kubwa ya mafua, akakua mgonjwa mgonjwa, malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Mwaka 1934 akapelekwa Mysore kwa mume wa dada yake, Krishnamacharya, aliyekuwa akifundisha yoga. Alikuja kuwa mwalimu wa dunia nzima na akafa 2014, ana miaka tisini na mitano. Mwaka ule ule niliokohoa damu mimi. Sijilinganishi naye, yeye hakuvuta mwamba. Lakini nilimwambia binti anisomee mara mbili.

Sasa nafika chooni na kurudi bila kushika ukuta. Getini nasimama mara moja. Mlimani sipandi na sitapanda tena. Vijana mlioko chini sasa hivi, toboeni kwa maji, mwamba uliolowa hautimui vumbi. Wenzangu watatu wa duara letu, shimo tulilochimba pamoja, hawapo.

Mtoto wa Njombe

Shikamoo mzee. Nimesoma maelezo yako nikiwa na mama pembeni, amesema nikusalimu, na kwamba "mlango wa ghala" ameuelewa.

Mama yangu ana miaka sitini na nane. Hajawahi kuvuta sigara. Amepika kwa kuni miaka hamsini, kwenye jiko lisilo na dirisha, na kwetu Juni na Julai kwa baridi ile watu wanalala humo humo jikoni. Tulidhani ana pumu ya uzeeni. Alipopimwa kwa mashine ya kupuliza wakasema ni ugonjwa sugu wa mapafu, njia za hewa zimeharibika kwa moshi.

Mimi ndiye niliyeshabikia yoga. Nilinunua mkeka mjini nikapanda nao basi. Mama alijaribu siku mbili kwa kunihurumia. Kulala chali hawezi, anasikia anazama. Kifudifudi hawezi. Kukaa chini na kunyanyuka kunammaliza kabla zoezi halijaanza. Siku ya tatu akaukunja akauweka juu ya kabati, na nilikasirika, jambo ninalolijutia.

Kilichofanikiwa ni kidogo mno hata sijui kama ni yoga. Anakaa kwenye kigoda, viwiko juu ya magoti, anainama mbele, mabega yanapumzika. Anavuta puani, anaachia kwa midomo iliyokunjwa kama anayepoza uji wa moto. Hilo la uji alilielewa papo hapo kwa kuwa amewapozea uji watoto saba na wajukuu sijui wangapi. Wajukuu wakitoka shule wanakaa naye, wote wanapoza uji usiokuwepo.

Halafu tukalipeleka kwenye mwendo. Kutoka nyumbani hadi kanisani ni kilima, mita mia nne hivi, na alikuwa ameacha kwenda mwaka mzima. Tulianza kupanda pamoja: hatua moja anavuta, hatua mbili anaachia. Akichoka hasimami katikati akihema, anashika fimbo, anainama, anapoza uji, tunaendelea. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba zamani alikuwa anabana pumzi anapopanda, kama mtu anayebeba mzigo, ndipo anakwama juu. Alikuwa hajui. Nami sikujua mpaka nilipoanza kuhesabu naye.

Lakini wakuu, kabla ya hayo yote tulivunja ukuta wa jiko. Fundi ametengeneza jiko la udongo lenye bomba la moshi linalotokeza juu ya bati, na dirisha likawekwa. Ningeanza na hilo kabla ya mkeka. Kumwambia mtu avute pumzi ndefu kisha kumrudisha kwenye moshi ule ule ni kumwongezea.

Wa Dandora

Jameni, huyo wa Njombe amenigusa na hiyo ya moshi. Mimi naishi Dandora, Nairobi, si mbali na lile jaa kubwa. Usiku taka zikichomwa upepo ukigeuka, nyumba nzima inakohoa. Nina pumu, na kijana wangu wa miaka tisa pia.

Yoga nilipata kupitia vijana waliosomeshwa ualimu na Africa Yoga Project, wako hapa Nairobi tangu 2007. Nilidhani ni ya watu wa Westlands, wenye pesa zao. Mwalimu wangu alikuwa kijana wa mtaani kwetu, anajua jina la mama yangu.

Ninachotaka kuongeza ni saa. Nilikuwa nafanya alfajiri nje, karibu na barabara, kwa sababu kila mtu husema asubuhi hewa ni safi. Kwetu sivyo, moshi wa usiku huwa bado umelala chini, na Julai baridi ikiingia kifuani ni mbaya zaidi. Nilihamia saa kumi jioni, ndani, dirisha la upande usio na jaa. Mazoezi yale yale, kifua tofauti. Angalia hewa yako kabla ya kuangalia mkao wako.

Mama wa Kihonda

Poleni na hongereni wote. Mwanangu ana miaka saba, pumu, na ndiyo ameanza darasa la kwanza. Yale ya kuhesabu tatu na sita hayawezi, anacheka au anasahau. Kuna aliyemfundisha mtoto wa umri huo? Na mwalimu wa darasa nimwambie nini?

Wa Dandora

Mama, usimwambie apumue, mpe kitu cha kupuliza. Kijana wangu tulianza na kipande cha karatasi nyembamba ya chooni. Unakishika ukutani usawa wa mdomo wake, anapuliza, unaachia, kazi yake ni kukizuia kisianguke kwa pumzi moja ndefu. Au mrija kwenye kikombe cha maji, atoe mapovu madogo madogo bila maji kuruka nje. Akipuliza kwa nguvu maji yanaruka, kwa hiyo anajifunza mwenyewe kuachia taratibu. Fanyeni akiwa mzima, jioni, kama mchezo. Siku akibanwa, dawa kwanza.

Mwalimu wa Tabata

Mama wa Kihonda, la mwalimu nalijibu kama mwalimu. Nenda shuleni mwenyewe, usitume barua peke yake. Mwonyeshe pampu na chupa yake, zikae mahali asipohitaji kuomba ufunguo. Mwambie mtoto akae mbali na ubao unapofutwa, asifagie darasa zamu yake ikifika, na akianza kukohoa kwenye mchezo asiambiwe anadeka. Mimi nina watoto wanne wenye pumu darasani kwangu, na wawili nilijua wana pumu siku waliyobanwa mbele yangu. Bora tungejua kabla.

Mama wa Kihonda

Nimerudi kama nilivyoahidi moyoni, ni wiki ya tatu sasa. Karatasi ilimshinda siku nne. Sasa anaizuia ukutani mpaka nihesabu nane, na baba yake anafika kumi na moja, jambo linalomuudhi mtoto sana. Wiki iliyopita alibanwa usiku mara moja. Alikaa mwenyewe, akainama, akaniambia "mama, chupa". Tulivuta dawa, akalala tena.

Pampu moja iko nyumbani, nyingine iko kwenye droo ya mwalimu, ya juu, isiyo na kufuli. Nimeiona.